Karani Apimwa Akili

Jumatatu, 2 Juni 1958

Siku mbaya. Nimetukanwa na rafiki yangu wa pekee mbele ya watu thelathini, na rafiki mwenyewe hayupo duniani.

Nieleze vizuri, nisije nikasoma tena baadaye nikachanganyikiwa. Mimi ni karani wa stoo kwa Bwana Peterson, hapa Mau Narok. Ngano, viazi, ukungu, na baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Kila Jumatatu lori linaleta mfuko wa barua kutoka Njoro. Mimi naufungua, napanda juu ya sanduku, naita majina. Kazi ya heshima! Ila miaka minne nimeita barua za watu wote isipokuwa yangu.

Kwa hiyo mwezi wa Aprili nikampata Festo. Festo Wekesa, mkubwa wa stesheni, Kisumu. Msomi, mcheshi, ananipenda sana. Barua zake naziandika mwenyewe Jumamosi, natia ndani ya mfuko wa barua kabla ya kwenda mbele ya watu, kisha naita, “Zakayo Masinde!” halafu najibu, “Yupo!” Hakuna aliyedhurika. Mke wa nyapara hata aliniuliza Festo ana watoto wangapi. Nikasema saba.

Kosa ni la Jumamosi iliyopita. Jino lilikuwa linaniuma. Festo akaandika kwamba mimi ni mtu wa kujisikia, ndiyo maana sina mtu. Leo naisoma kwa sauti kama kawaida, nikafika hapo, na haki ya Mungu nikakasirika! Nikamjibu Festo pale pale juu ya sanduku. Nikamwita mnafiki. Nikairarua barua yake.

Kosgei, dereva wa lori, akaokota bahasha. Huyu Kosgei kila mtu anampenda. Hajui hata kusoma, na anapata barua tatu kwa wiki! Akaigeuza bahasha huku na huku. Akasema haina stempu. Nikasema wakubwa wa reli hawabandiki stempu. Akasema kule posta alihesabiwa barua sita, sasa anaona zimekuwa saba. Halafu akasema, polepole kabisa, kwamba wino ni wa kijani.

Kutoka hapa mpaka Njoro kuna chupa moja tu ya wino wa kijani. Iko mezani kwangu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Jumanne, 3 Juni

Nimeitwa ofisini. Bwana Peterson hakukaa kwenye kiti. Alisimama dirishani akiangalia ngano yake.

Aliniuliza kama nalala vizuri. Nikasema kama mtoto. Aliuliza kama nasikia sauti. Nikasema nasikia, hata yake naisikia. Hilo halikunisaidia.

Mwisho akanyoosha mkono akataka funguo. Zote, pamoja na wa chumba cha dawa, pale kwenye sumu ya panya na ile dawa ya kuchanganya na mbegu. Alisema hawezi kumwachia sumu mtu anayegombana na bahasha. Siku ya Alhamisi, tarehe kumi na mbili, kuna daktari wa akili anakuja Nakuru kutoka Nairobi. Nitapimwa. Nikionekana mzima, nitarudishiwa funguo. Nikionekana si mzima, nitarudishwa kwetu Kimilili.

Na funguo kwa sasa atashika nani? Kosgei!

Nilimuuliza Bwana huyo daktari anapima na nini. Sindano? Mashine?

“Hapana, karani. Wewe nazungumza tu.”

Nimerudi stoo. Sindano naiweza. Mazungumzo?

Kwetu Kimilili wanajua mimi ndiye meneja wa hili shamba. Siwezi kurudi.

Jumatano, 4 Juni

Mungu si Athumani! Nimepata mtu.

Ndung'u, yule aliyerudi mwezi uliopita kuchimba viazi, aliwahi kufanya kazi ya kufagia kwenye hospitali kubwa. Anasema ameona watu wengi wakipimwa akili. Anasema mtihani ni uleule, haujabadilishwa tangu vita vya Hitler, na majibu yake anayo kichwani. Nilimwomba. Akasema kichwa chake kinasikia baridi kikitoa majibu mengi. Aliangalia koti langu.

Ni koti zito, la sufu, lina mifuko minne. Hakuna lingine kama hilo katika shamba zima ukimwondoa Bwana.

Nimempa. Akili kwanza, joto baadaye.

Haya ndiyo majibu. Daktari atatoa karatasi zenye madoa ya wino na kuuliza unaona nini. Doa lolote, hata liwe na umbo la nini, unasema “Kipepeo.” Ukisema popo, wewe ni mgonjwa. Ukisema damu, hutarudi nyumbani. Ukisema wino, wanajua unawadharau. Kipepeo! Pili, usikune kichwa. Tatu, ukimaliza jibu tabasamu, lakini usionyeshe meno ya chini.

Nilimuuliza mara tatu kuhusu meno ya chini. Alishikilia.

Ijumaa, 6 Juni

Mazoezi. Asubuhi nimemwaga wino kwenye karatasi kumi na mbili, nikazikunja na kuzikunjua. Kipepeo, kipepeo, kipepeo. La tano lilikuwa Bwana Peterson mtupu, na pua yake. Nikasema kipepeo.

Mchana nilifanya mazoezi kwa viazi. Kila kiazi nilichochagua nikakiambia kipepeo, na tabasamu la meno ya juu. Nimeinua macho, Kosgei yuko mlangoni, ana funguo zangu kiunoni. Sijui alisimama pale kwa muda gani.

Aliuliza kama niko sawa. Nikasema sijawahi kuwa sawa hivi. Aliuliza koti liko wapi. Nikasema naona joto. Meno yalikuwa yanagongana, nikayasimamisha kwa mkono.

Hakuondoka. Alisema nyumbani kwao wamechemsha mahindi na maharagwe, kama nataka nije nile. Mtego! Anataka nile vibaya mbele ya mashahidi.

Nimekula mkate wa juzi. Peke yangu, lakini kwa adabu.

Jumapili, 8 Juni

Wazo kubwa lilinijia kanisani, wakati wa matangazo. Daktari lazima ataniuliza kama nina marafiki. Mtu mwenye akili ana marafiki. Basi kwa nini nisiende na ushahidi?

Nimeandika karatasi safi, kwa wino mweusi wa kuazima: *Sisi tulioweka kidole hapa chini tunathibitisha ya kwamba Bw. Zakayo Masinde ni rafiki yetu.* Nikapiga mistari arobaini. Nikachukua kile kidude cha wino wa mihuri. Nikatoka.

Nyumba ya kwanza walinisalimu vizuri. Walipoona karatasi na wino, mlango ukafungwa. Ya pili vilevile. Ya tatu baba alitokea dirisha la nyuma, nikamwona anapotelea kwenye ngano. Mama mmoja aliniuliza kwa kunong'ona ni karatasi ya serikali au ya wale wengine wa msituni. Nikamwambia ni ya urafiki. Akasema hata ile nyingine, ya miaka ile, waliambiwa ni ya urafiki, na mumewe alikaa kizuizini Manyani miaka mitatu. Nikasema mimi ni karani Masinde tu, wa stoo, ananijua. Akasema ananijua, ndiyo, miaka minne ananijua, lakini sijawahi kufika kwake hata siku moja, na leo nimefika na wino.

Nikamtakia Jumapili njema.

Nilitembea mpaka saa kumi. Nyumba ya Kosgei niliipita mbali. Watu walikuwa wengi kule, wanacheka, mtoto anapiga debe.

Mwishowe nilimpata mzee Kiplangat, mlinzi wa ghala, ambaye masikio yake hayafanyi kazi. Aliweka kidole bila swali. Aliweka na cha pili. Kisha akaniuliza blanketi zinagawiwa siku gani.

Mistari arobaini. Vidole viwili, vyote vya mtu mmoja.

Jumatano, 11 Juni

Kesho. Nina mafua. Mafua makubwa! Nimemwendea Ndung'u kuomba koti kwa siku moja tu. Alikuwa amelivaa, limefungwa vifungo vyote. Alinikumbusha biashara ni biashara.

Nilimwomba basi anieleze tena jinsi daktari anavyokaa, chumba kilivyo, nani anaanza kusema. Hapo akaanza kuzungukazunguka. Mwisho ikatoka kwamba alifagia nje. Majani. Wiki mbili. Habari za madoa alizisikia kwa mpishi wa hospitali, akiwa upande huu wa ukuta. Nikamuuliza na meno ya chini je? Akasema hayo alifikiria mwenyewe, maana yangu si mazuri.

Nimekaa stoo, nimewaza. Kubadilisha majibu sasa ni hatari. Nitashika kipepeo.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika yote, hata yale ambayo sitaki.

Kosgei alinipeleka kwa lori. Ukungu mpaka Njoro, hatuoni hata ng'ombe mbele yetu. Alivua koti lake akaniwekea magotini. Nikalirudisha. Mtu akifika kupimwa akili amevaa koti la mtu mwingine, atajieleza vipi? Nilimwambia hivyo. Akasema, “Sawa, karani,” akaendesha. Akaimba kidogo.

Hospitalini kulikuwa na benchi refu. Nilikaa pale na karatasi yangu ya marafiki ndani ya shati. Kosgei alitaka kukaa nami. Nikamwambia akaangalie lori lake.

Nikaitwa. Chumba kidogo, cheupe. Meza moja, viti vitatu, dirisha linaloangalia nguo zilizoanikwa. Daktari ni mwanamke! Mzungu mwembamba, ana sweta yenye kiwiko kilichotoboka. Kando yake Omolo, dresa, mfunga vidonda wa hapo hospitali, wa kutafsiri. Niliangalia kila mahali. Hakuna mashine. Hakuna mkanda wa kumfunga mtu.

Alianza kwa kunieleza mambo yatakavyokuwa. Hilo sikulitegemea. Alisema itachukua kama saa mbili, na nikichoka niseme tupumzike. Alisema mengine yatakuwa rahisi na mengine magumu, na magumu yameandaliwa yawe magumu, kwa hiyo nisihuzunike nikishindwa. Alisema hakuna kufaulu wala kufeli. Alisema atamwandikia Bwana Peterson, lakini mimi nitasikia kwanza atakachoandika.

Hakuna kufeli! Nikajua hapo ndipo mtego ulipo.

Tukaanza. Leo ni siku gani, mwezi gani, tuko mji gani. Nikajibu kwa Kiingereza, kuonyesha. Akanitajia vitu vitatu nivikumbuke: kiti, mbuzi, taa. Toa saba kutoka mia, toa tena saba, endelea. Mimi ni karani, nilishuka kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake. Akanipa vipande vya mbao vyekundu na vyeupe nivipange kama picha. Nikavipanga. Nikavipanga vyote, hata vilivyobaki, nikamjengea ghala. Omolo akasema imetosha.

Kila alipofungua mkoba nilikaa sawa. Sasa madoa! Lakini hakutoa madoa. Alitoa karatasi tupu akaniambia nichore mtu. Nikachora mtu amesimama juu ya sanduku. Akauliza huyo mtu anafanya nini. Nikasema anaita majina. Akauliza nani wanaitika. Nikaangalia karatasi yangu. Nilikuwa sikuchora mtu mwingine.

Nikasema wako mbali kidogo, hawakuenea.

Akaandika. Kalamu yake inakwaruza.

Akauliza kama bado navikumbuka vile vitu vitatu. Kiti, mbuzi, taa. Akasema vizuri sana. Na mimi nangoja madoa. Siku nane nimejiandaa, koti limekwenda, mwili wote umekaa kama mshale kwenye upinde. Ndipo akauliza swali, kwa sauti ya kawaida kabisa, na Omolo akalitafsiri:

“Ukipata habari njema leo, habari njema sana, utamwambia nani kwanza?”

“Kipepeo,” nikasema.

Na tabasamu. La meno ya juu.

Omolo alinitazama. Kisha akamtazama daktari, akatafsiri. Ni neno dogo kwa Kiingereza, lakini alichukua muda kulisema.

Daktari hakuandika. Aliweka kalamu chini. Akauliza kipepeo ni nani.

Nikamweleza. Sijui kwa nini. Madoa, Ndung'u, koti, majani ya kufagia. Omolo alifunika mdomo kwa mkono, mabega yanacheza. Nikatoa na ile karatasi kutoka kwenye shati, ili ninusuru mambo. Daktari akaisoma yote, mistari arobaini, akagusa alama za kidole. Akauliza huyu ni nani. Nikasema ni mzee Kiplangat, mlinzi. Akauliza ni rafiki yangu? Nilifungua mdomo kusema ndiyo.

“Alidhani ni blanketi,” nikasema.

Sasa Omolo hakucheka tena.

Akauliza kuhusu Festo. Nikangoja anionyeshe dharau, lakini aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mtu. Festo alianza lini? Aprili. Ana umri gani? Kama wangu. Nani alianza ule ugomvi, mimi au Festo? Nikasema Festo. Akaitikia kwa kichwa, akauliza ni jambo gani Festo analijua kuhusu mimi ambalo hakuna mwingine hapa anayelijua.

Nikasema mama yangu amekufa.

Sikuwa nimelipanga. Lilitoka lenyewe, kama lile la kipepeo. Nikaeleza. Ilikuwa Jumatatu, mwezi wa Machi. Nilikuwa juu ya sanduku, naita. Kukawa na telegramu chini kabisa ya mfuko. Nikasoma jina: Zakayo Masinde. Nilifurahi! Kwa dakika moja nzima nilifurahi, nikaiinua juu watu waone. Kisha nikaifungua. Walikuwa wamekwisha kumzika. Bado kulikuwa na barua mbili za watu, nikaziita, wakaja wakachukua. Nikakunja mfuko. Hakuna aliyeuliza telegramu ilisema nini, na mimi sikumwambia mtu. Jioni nilipima mbegu.

Nikasema Festo aliandika barua nzuri sana ya pole. Kurasa tatu.

Omolo alitafsiri sehemu hiyo akiangalia meza. Alipomaliza akanipa leso yake, na mafua yangu yakawa kisingizio.

Mwisho daktari akanisomea aliyoyaandika, kama alivyoahidi. Sina ugonjwa wa akili. Akili yangu ni timamu, na hesabu zangu ni nzuri kuliko zake. Nirudishiwe funguo. Nipewe likizo niende nikaone kaburi la mama. Na nisikae siku nzima stoo peke yangu, nile na watu. Alisema neno la ugonjwa wangu si neno la hospitali. Omolo alilitafuta kwa Kiswahili, akapata: upweke. Dawa yake, akasema daktari, inaanza na jambo dogo: mtu akikukaribisha chakula, nenda.

Nikamuuliza kama anaweza kuniandikia hilo la akili timamu kwenye karatasi peke yake. Na muhuri.

Alishangaa, lakini aliandika.

Ijumaa, 13 Juni

Funguo zimerudi! Bwana Peterson amesoma barua ya daktari mara mbili, akanishika mkono. Alisema alikuwa hajui habari za mama. Alisema likizo niichukue wakati wowote.

Kosgei ndiye aliyeniletea funguo stoo. Alikuwa amezipangusa mafuta. Hakuondoka, alikaa juu ya gunia, kofia mkononi. Nikafikiri sasa atanicheka.

Akasema ni yeye aliyemwendea Bwana siku ile. Nikamwambia nilijua. Akasema hapana, hujui. Akasema alikuwa na ndugu yake, aliyemfuata kuzaliwa, alikuwa anafanya kazi kwenye shamba moja upande wa Londiani. Kijana mzuri, mkimya. Alianza kuongea na mti. Watu wakacheka, na Kosgei mwenyewe alicheka. Halafu siku moja akanywa dawa ya kuogeshea ng'ombe.

“Ile siku ulirarua barua,” akasema, “mimi niliangalia wewe, halafu niliangalia hizo funguo za dawa. Nikaona afadhali unichukie, karani. Kuchukiwa si kitu.”

Sikujua mtu anaweka wapi mikono yake akiambiwa jambo kama hilo. Nikapanga vitabu vya stoo. Nikampa pole. Akanipa na yeye pole, ya mama. Ni wa kwanza, ukimwondoa Festo.

Akasema Jumapili baada ya kanisa mkewe, Chepkurui, atapika nyama. Nije. Si lazima nizungumze, nikae tu, kelele za watoto zitanitosha.

Nikasema nitakuja. Nilimaanisha.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeisoma tena karatasi ya daktari. *Mimi niliyetia sahihi nimempima Bw. Zakayo Masinde na ninathibitisha ya kuwa ana akili timamu.* Tarehe, sahihi, muhuri wa zambarau.

Nimeiwaza kutwa nzima. Watu mia mbili katika shamba hili. Ni wangapi wamepimwa? Mmoja! Ni wangapi wana karatasi? Mmoja! Nyapara anaweza kuthibitisha? Hawezi. Kosgei? Anaimba akiendesha, ana hakika gani? Bwana Peterson mwenyewe, ukimwambia atoe cheti cha akili, atatoa nini? Leseni ya bunduki!

Kwa kweli mimi ndiye mtu pekee mwenye akili kuanzia hapa mpaka Njoro, kwa maandishi.

Jambo kama hilo lina wajibu wake.

Jumapili, 15 Juni

Nimeamka mapema. Nimeipigilia karatasi ya daktari mlangoni mwa stoo, misumari minne. Chini yake nimeandika kwa herufi kubwa: WATU WATAPIMWA AKILI HAPA KUANZIA SAA TANO. KARANI MASINDE.

Nimetoa meza nje, na viti viwili. Nimechonga vipande vya mbao nikavipaka rangi, vyekundu na vyeupe. Madoa ninayo, kumi na mawili, na safari hii nayatumia. Maswali yako tayari. Nitaanza kwa kuwaeleza mambo yatakavyokuwa, maana hilo ndilo watu wengi hawalijui. Mtu akipimwa nami, akaona nilivyo mpole, si atakuwa rafiki? Watakuja kwa foleni. Nitawajua wote, majina na siri zao. Daktari hakufikiria njia hii, lakini yeye ni mgeni.

Likizo nimeiahirisha. Kazi itakuwa nyingi. Na kule Kimilili sasa ni nani wa kunipokea?

Baada ya kanisa watu wakaanza kupita kwenda kwa Kosgei, akina mama na mabakuli kichwani, watoto wanakimbia mbele. Wakasoma tangazo, wale wanaojua kusoma, wakawaambia wengine. Wakapita upande wa pili wa njia.

Saa sita Kosgei mwenyewe akaja, amevaa shati jeupe. Alisema nyama imeiva. Nikamwambia anisamehe, niko kazini, lakini nimemwandika wa kwanza kwenye orodha. Asiogope, nikamwambia, hakuna kufaulu wala kufeli. Alikitazama kile kiti cha pili kwa muda. Akaangalia mlango. Akasema karani, twende tu, chakula kinapoa. Nikamwambia baada ya kazi. Akasema watanibakizia. Akaondoka akitembea polepole, anageukageuka.

Sasa ni saa saba na nusu. Harufu ya nyama inafika mpaka hapa, na vicheko. Upepo umenipeperushia madoa mawili, nimeyaokota. Mzee Kiplangat alikaa kitini kidogo akapumzika, akaenda zake.

Bado hajaja mtu. Nadhani wanaogopa kufeli.